Wimbo wa Mto Nkwini

"Mto huimbiwa ungali na maji." Mmeuliza, wajukuu zangu, maneno haya yalitoka wapi. Yalianzia kwenye sauti ndogo ya jikoni: kata ikikwangua chini ya mtungi, kabla ya alfajiri, huko milimani Upare.

Aliyeishika kata ile ni Nakiete, kiongozi wa nyimbo za wanawake wa mto Nkwini. Alikwangua akapata maji ya kulowesha ulimi tu. Hakuyanywa. Alimwekea jirani yake aliyejifungua.

Zamani, kila mwaka kabla ya mvua za vuli, wanawake waliufuata mto kwenda juu hadi kwenye chemchemi, wakiimba. Kila ubeti ulikuwa na mahali pake. Kwenye mkuyu waliimba ubeti wa mkuyu, huku wakizoa majani yaliyoziba maji. Penye mafunjo waliimba ubeti wa mafunjo, huku wakipandikiza mengine palipomomonyoka. Ubeti wa mwisho uliimbwa chemchemini kwa sauti ya chini, nao ulikataza jembe lisifike pale. Aliyeujua wimbo aliujua mto.

Kisha wimbo ukapendwa. Wakaitwa kuuimba harusini, halafu kwenye sherehe za mjini. Namsifu, binti wa kaka yake Nakiete, akawashonea wenzake sare, akaufupisha wimbo ili ngoma ikolee. Ubeti wa chemchemi ukaachwa. Walisema ni mzito, hauchezeki.

Msimu wa kwenda mtoni ulipofika, Nakiete alipita nyumba kwa nyumba, jembe begani.

"Shangazi, si tumeuimba juzi tu?" Namsifu alicheka. "Watu walisimama wakapiga makofi!"

"Na mto ulikuwepo?"

"Aa, shangazi! Kwani mto una masikio?"

"Hauna. Una majani yaliyouziba."

Namsifu akacheka tena. Nakiete akaenda peke yake, akazoa alichoweza. Baadaye magoti yalimkatalia. Wakakua vijana wasiousikia kamwe ule ubeti wa mwisho, wakalima nyanya mpaka chemchemini, wakaukata mkuyu ili miche ipate jua. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaimbia.

Ndipo kata ikakwangua.

Asubuhi ile Namsifu alikuja na wenzake, ndoo tupu mikononi. "Shangazi, twende tukauimbie." Walimbeba kwa kupokezana, polepole, wasimuumize. Juu kule walikuta mawe makavu. Namsifu akaanzisha wimbo, lakini alipofika kwenye ubeti wa chemchemi akakwama. Alikuwa ameusahau, na wenzake pia. Wote wakamgeukia Nakiete.

"Nitawafundisha," alisema, machozi yakimtiririka. "Lakini msidhani mtaurudisha leo kwa sauti. Mto huimbiwa ungali na maji."

Waling'oa nyanya, wakapanda mikuyu na mafunjo. Hata hivyo, Nakiete hakuyaona tena maji ya Nkwini. Alilala kitandani, na Namsifu akawa anakuja kujifunza ule ubeti, huku akimsugua magoti kwa mafuta. Sauti ya mzee ilipungua hata ikabaki pumzi.

Mto huimbiwa ungali na maji. Namsifu aliyaelewa maneno hayo siku alipoinuka kuaga, na Nakiete akamshika upindo wa kanga.

"Uje tena, mwanangu," alisema. "Ningali nasikia."