Mkanda wa Marcel

Nyota ya mtu ni bahati yake. Humwakia yeye, na siku inapozimika humzimikia yeye. Haigawanywi kama makande ya sinia moja. Ndiyo maana waliotutangulia walituonya tusifunge safari kwa kutegemea bahati ya mtu mwingine. Onyo hilo Thobias wa kijiji cha Samuye, huko Shinyanga, alilijua tangu utotoni, kama ajuavyo kila mtu. Lakini kulijua neno ni jambo moja, kulifuata ni jingine.

Thobias alikuwa amechimba dhahabu Geita kwa miaka mingi, chini kabisa ardhini, ambako mchana na usiku ni ndugu pacha. Mwaka wa hamsini na tatu alirudi nyumbani na kikohozi kikavu, pamoja na fedha aliyoidunduliza kwa jasho lake. Alitaka kununua plau na jozi ya maksai, alime mtama na pamba, asishuke shimoni tena maishani mwake. Fedha ilitosha plau, maksai haikuwafikia. Hapo ndipo alipomkumbuka rafiki yake Marcel.

Marcel alikuwa mfanyabiashara wa Didia. Kila kiangazi alipakia madebe ya samli kwenye treni hadi Kigoma, akavuka ziwa kwa meli mpaka Usumbura, katika nchi ya Wabelgiji, na kurudi na vitenge ambavyo wanawake wa Shinyanga waliving'ang'ania kama mpira wa kona. Hakuna aliyepata kusikia kwamba Marcel ameibiwa, au amerudishwa mpakani, au ameuziwa faranga za bandia. Watu walisema ana nyota kali. Mkewe, Justa, alijua zaidi ya hayo. Mumewe hakubadilisha fedha kabla ya kuuliza bei ya faranga kwa watu kadhaa. Chakula cha njiani, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, alijibebea. Na nauli ya kurudi hakuigusa hata njaa ingemkaba koo.

"Ukitaka twende, twende," Marcel alimwambia Thobias walipokutana. "Lakini kachukue cheti chako cha kupita pale bomani, kisha nikuonyeshe namna ya kutunza fedha ugenini."

"Kwa makarani wale, kaka, mtu huota mizizi akisubiri. Niandikishe kwenye cheti chako."

"Changu kinaruhusu mchukuzi tu."

"Basi niandike mchukuzi. Jina la kwenye karatasi litanipunguzia nini?"

Marcel alicheka bila furaha. "Na fedha yako?"

"Itie kwenye mkanda wako pamoja na yako. Mimi faranga sizijui, bei sizijui. Nyota yako inang'aa. Acha nami niote mwanga wake."

"Ndugu yangu, mimi ni mtu. Si posta."

Thobias alimbembeleza, akamshika mkono, akamkumbusha udugu wao wa tangu kuchunga ng'ombe. Marcel hakuwa mtu wa kumwaibisha rafiki. Mwishowe alifungua mkanda wake mpana wa ngozi, akaitia ndani fedha ya Thobias, ikachanganyika na yake.

Nyumbani Samuye, Limi, mke wa Thobias, alikuwa akipepeta mtama aliposikia habari hizo. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Baba Eufrasia, yote? Hata kidogo hukuweka posta?"

"Yote, ili faida iwe kubwa."

"Na nauli ya kurudi?"

"Marcel anayo."

"Na Marcel akipatwa na jambo?"

"Marcel hapatwi na jambo," Thobias alijibu kwa ukali wa mtu asiyetaka kuulizwa tena. Limi aliendelea kupepeta.

Safari ilianza vizuri. Kwenye treni Thobias alilala kama mtoto mgongoni mwa mamaye. Marcel aliamka kila kituo, akashuka kukagua madebe, akarudi na kuupapasa mkanda wake. Kigoma alilipa nauli za meli, akalipa wapagazi, akabadilisha sehemu ya fedha kuwa faranga. Thobias hakuuliza alilipa nini wala alibadilisha kiasi gani. Aliona kuuliza ni kukosa adabu.

Walipokuwa majini Marcel alianza kutetemeka. Kwanza alisema ni upepo wa ziwa. Baadaye meno yake yaligongana, macho yakaiva kama pilipili, akaomba maji na kushindwa kuyameza. Thobias alimfunika kwa koti lake, akakipakata kichwa chake.

"Thobias," Marcel alisema kwa taabu, "fungua mkanda. Toa fedha yako."

"Hapana, kaka."

"Toa, nakwambia, wakati bado nina akili zangu."

"Kuitoa sasa ni kukutabiria kifo. Utapona, tutauza samli, tutarudi. Nyamaza, pumzika."

Marcel akafumba macho. Meli ilipotia nanga Usumbura hakuweza tena kusimama wala kusema. Wapagazi wa bandarini walimbeba kwa machela hadi hospitali. Huko walimvua nguo, wakaufungia mkanda wake ofisini kwa jina lake. Madebe ya samli yalibaki forodhani, nayo kwa jina lake.

Marcel hakuamka. Homa ilimchukua kama mafuriko yachukuavyo daraja la miti.

Thobias aliitwa ofisini. Karani alikuwa na cheti cha kupita mezani.

"Wewe ni nani wake?"

"Rafiki yake. Tulikuja pamoja kufanya biashara."

"Hapa umeandikwa mchukuzi."

"Tuliandika hivyo kwa kurahisisha mambo. Bwana, ndani ya mkanda ule mna fedha yangu."

"Kiasi gani?"

Thobias alitaja kiasi alichokabidhi kwao. Karani alitazama shilingi na faranga zilizotandazwa mbele yake, akatikisa kichwa. Hesabu hizo hazikukutana popote. Ni kiasi gani kilichokuwa kimelipa nauli? Ni kiasi gani kilichobadilishwa, na kwa bei gani? Mtu pekee aliyejua alikuwa amelala chini ya shuka chumba cha pili.

"Mimi nakuona mtu mkweli," karani alisema kwa upole. "Lakini mali ya marehemu huenda kwa warithi wake. Nikikupa wewe kwa maneno matupu, kesho atakuja mwingine na maneno matamu zaidi."

Marcel alizikwa siku iyo hiyo katika makaburi ya hospitali. Thobias alitamani kumnunulia jeneza, hata la mbao duni, na mshumaa mmoja wa kuwasha kaburini. Hakuwa na senti. Mtu aliyesafiri maisha yake yote bila kupungukiwa alishushwa kaburini ndani ya blanketi, na mkanda wake umejaa. Thobias alipiga magoti kwenye udongo mbichi, akalia kilio cha mtu aliyefiwa mara mbili. Na kilichomwumiza zaidi ni kwamba hakujua machozi yapi yalikuwa ya rafiki na yapi yalikuwa ya fedha.

Tangu hapo alibeba magunia ya kahawa bandarini. Alilala barazani mwa maghala pamoja na wageni wengine waliokwama, akala mihogo mikavu, akadunduliza ujira wa nauli. Kikohozi cha Geita kilimrudia. Mvua za masika zilinyesha na kukatika kabla hajapanda meli ya kurudi, amekonda kama ufito.

Habari za msiba zilikuwa zimemtangulia. Serikali ilikwisha kuipeleka mali ya marehemu, na Mageni, kaka mkubwa wa Marcel, aliipokea kwa niaba ya ukoo na kununulia ng'ombe. Thobias hakuanza kwake. Alikwenda kwanza kwa mjane, akaketi chini mbele yake.

"Pole, shemeji."

"Tumepoa, shemeji. Alizikwa na nini?" Justa aliuliza.

"Blanketi."

Justa aliinamisha uso. "Na fedha ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, shemeji. Haikuwa mikononi mwangu."

Wakalia pamoja, na siku hiyo hakusema lolote kuhusu haki yake.

Shauri lilipofika mbele ya mwanangwa, mkuu wa kijiji, Mageni alisimama kwa kujiamini. "Cheti kinasema mchukuzi. Mchukuzi hulipwa ujira, harithi. Kama alikuwa na fedha, nani shahidi?"

"Marcel," alijibu Thobias, na baraza zima likainamisha macho.

Justa akasimama, japo Mageni, shemeji yake, alimkazia macho. "Mume wangu aliniambia kwamba fedha ya Thobias imo mkandani. Siwezi kuukana ulimi wa marehemu. Kiasi hakuniambia."

Mwanangwa akaamua Mageni atoe mtamba mmoja, si kama deni, maana deni halikuthibitika, bali kwa huruma na kwa ajili ya ushuhuda wa mjane. Akamgeukia Thobias. "Umeridhika?"

Thobias alisimama polepole, mkono kifuani akizuia kikohozi. "Sina neno na Mageni. Marcel alinitaka nishike fedha yangu kabla hatujaondoka, nikakataa. Alinitaka tena melini, nikakataa. Nimlaumu nani?"

Limi alimswaga mtamba yule hadi nyumbani bila kusema "nilikwambia". Yeye hakuwa mwanamke wa kumpiga aliyekwisha kuanguka. Lakini mtamba mmoja halimi shamba, na plau aliyoitaka Thobias ilikwisha kununuliwa na mtu mwingine. Mvua za vuli zilipokaribia alifunga mzigo wake, akapanda lori la Geita, akashuka tena katika giza aliloapa kuliacha.

Huko, wachimbaji waliokaribia kwenda likizo walizoea kuzungumza juu ya biashara za ng'ambo, na kila mmoja alimtaja mtu fulani mwenye bahati wa kufuatana naye. Thobias aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha aliwaambia wachukue vyeti kwa majina yao wenyewe, wajue hesabu ya fedha yao hadi senti, waitenge nauli ya kurudi mahali pasipoguswa, na baada ya hapo wafuatane na yeyote wampendaye. Wengine walimwona mtu mwenye roho ya kwanini. Hakubishana nao, aliwaeleza tu habari za kaburi la Usumbura lisilowashiwa mshumaa, akaokota sururu yake na kurudi kazini. Wote waliosikia kisa chake walikiri kwamba wahenga hawakukosea waliposema: usisafirie nyota ya mwenzio.