Bi Ngiri na Dawa ya Kutembea

Nisogeleeni.
— Tumesogea.
Nianze, nisianze?
— Anza, masikio yako wazi.

Basi hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakikaribishana na kusindikizana kama sisi, alikuwepo Bi Ngiri na wanawe wawili. Walikaa shimoni, pembeni mwa mbuga. Na shimo la ngiri lina utaratibu wake. Watoto huingia kwanza, kichwa mbele. Mama huingia mwisho, kinyumenyume, uso na meno yake marefu vikitazama nje. Mama ndiye mlango.

Sasa Bi Ngiri akanenepa. Alianza wakati wa mavuno, mvua zikaja, akazidi. Kila aliyekutana naye alimsifu. "Mashaallah, umenawiri." Hata Chui, kutoka juu ya jabali lake, alimwambia, "Dada, umependeza. Usipungue." Ningekuwa mimi, sifa za Chui zingeninyima usingizi. Yeye alisema ahsante.

Siku moja mchana ikapiga radi. Watoto wakaingia shimoni, mama akarudi kinyumenyume. Akakwama. Akasukuma mara ya pili, akakwama. Akasukuma mara ya tatu, makalio yakagoma kabisa. Mvua ikamnyeshea mpaka ikakatika, na watoto ndani wanalia. Bi Ngiri akaogopa. Hiyo ni mvua tu, akawaza. Je, angekuwa Chui?

Kulipokucha akaenda kwa mganga Korongo, ambaye hushinda kutwa akitembea kwenye majani marefu.

"Mwili umenizidi, mganga. Nikienda kidogo pumzi inakata, na kwangu siingii. Nataka dawa."

Korongo akamtazama juu mpaka chini. "Dawa yako ni kutembea. Kila siku, usikose hata moja."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Bi Ngiri akarudi kwake anacheka. Kutembea alikupenda tangu utoto.

Siku ya kwanza akaenda kwa Bi Nungunungu, jirani yake wa karibu. Ukipiga chafya kwa huyu, wa kule anakuombea afya.

"Karibu, shoga. Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kutembea."

Na nyinyi mnajua, mgeni haondoki na mdomo mkavu. Akaandaliwa mihogo ya kuchemsha. Akala.

Siku ya pili akaenda kwa Bi Kanga. "Umekuja kutembea?" "Nimekuja kutembea." Akapakuliwa kunde. Akala.

Siku ya tatu akaenda kwa Bi Nyani. "Umekuja kutembea?" "Nimekuja kutembea." Akapewa ndizi, na nyingine akafungiwa za watoto. Za watoto alizila njiani.

Siku ya nne akaanza tena kwa Nungunungu. Mwezi mzima hakukosa hata siku moja. Ulipoandama mwezi mpya akajaribu shimo lake, na sasa hata mapaja hayakuvuka kizingiti.

Akamwendea Korongo amefura. "Dawa yako haifai."

"Umeitumia?"

"Kila siku. Nimetembea kwa Nungunungu, nimetembea kwa Kanga, nimetembea kwa Nyani."

Korongo akacheka mpaka ikabidi ashushe mguu wake wa pili asianguke. "Mama wee, hao umewatembelea. Mimi nilisema utembee. Uende kwa miguu, urudi kwa miguu, usiketi kwa mtu."

"Si nilikwenda kwa miguu?"

"Kwa Nungunungu ni hatua ngapi?"

Bi Ngiri akahesabu moyoni. Zilikuwa kumi na mbili. Akaona haya.

"Na wakinikaribisha? Wataniona nina maringo."

"Sema starehe, kama asemavyo kila mpita njia anapowakuta watu wanakula. Kisha upite."

Asubuhi iliyofuata akatoka. Akaenda mpaka kichuguuni, akarudi anahema, ulimi nje. Alitamani kuacha siku ileile. Lakini kesho yake akatoka tena, anajiimbia:

*Mguu huu, mguu ule,
niende nirudi.*

Kilichomuuma zaidi hakikuwa miguu. Bi Nungunungu alisimama mlangoni na sahani mkononi, amenuna. "Siku hizi mihogo yetu haina chumvi?"

"Shoga, mihogo yako naipenda, na hapo ndipo penye taabu. Wanangu hawana mlango. Starehe, napita."

Nungunungu akaitazama sahani, akaitua. "Basi nikusindikize," akasema. Wakaenda wote mpaka kichuguuni.

Kichuguu kikawa karibu. Bi Ngiri akaongeza mpaka kwenye mkwaju. Mkwaju nao ukawa karibu, akaongeza mpaka mtoni. *Mguu huu, mguu ule, niende nirudi.* Ziko asubuhi alizoamka na uvivu. Akatoka na uvivu wake, wakatembea pamoja.

Chui akaona. "Dada, mbona unakwisha hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi. Starehe, napita."

Chui akaona kitoweo alichokuwa akikingoja tangu masika kinayeyuka mbele ya macho yake. Akasema moyoni, leo au basi. Asubuhi moja akajificha mtoni, Bi Ngiri alipofika akamrukia.

Bi Ngiri akatimua mbio, mkia juu. Akafika kwenye mkwaju, pumzi ipo. Akafika kichuguuni, pumzi bado ipo. Akawaita wanawe waliokuwa wakicheza nje. Watoto wakaingia, kichwa mbele. Mama akageuka, akarudi kinyumenyume, amefumba macho kwa hofu.

Akapita.

Chui akatia mkono shimoni, akakutana na meno. Akarudi kwake kwa miguu mitatu, na safari hiyo hakumsifu mtu.

Humo ndani kukawa giza tupu. Bi Ngiri akasikia pumzi za wanawe mgongoni kwake, ya mmoja na ya pili. Akalia kwa furaha, na hakutoka mpaka jua lilipopanda. Kisha akatoka akaenda mtoni, maana ile ya asubuhi ilikuwa mbio, na ya siku ile alikuwa hajatembea.

Wanangu, funzo ni hili. Afya haiji kwa kuitaja wala kwa kusifiwa. Huja kwa hatua chache leo, chache kesho, bila kukosa, na jamaa wa kweli ni yule anayekubali upite, kisha akakusindikiza. Na anayekuhimiza usipungue, muulize kwanza anakula nini.

Nimeubeba mzigo wangu, hapa nautua.
— Tua, tumeupokea.
Aliyeupenda aende nao kwao, kwa miguu.