Betri Kwenye Pindo la Sweta

Wapendwa, Jumapili iliyopita, watu wakiwa wanatoka, kijana mmoja alinisimamisha pale mlangoni. Akaniuliza, "Mwinjilisti, hivi nikijitolea nitapata nini?" Nikamjibu, "Baraka, mwanangu," nikaenda zangu kunywa chai. Nilimjibu vibaya. Sisemi kwamba ni uongo, ila nilimjibu hivyo ili aniache. Nimelala na swali lake wiki nzima, na kwa kuwa shule yangu ni ndogo, nikishindwa na swali huwa nalitungia mfano. Basi mnichukulie.

Alikuwako binti mmoja, mahali pa baridi kama hapa kwetu, ambapo asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole. Alimaliza kidato cha nne, akasoma na kozi ya kompyuta, kisha akakaa nyumbani miaka miwili. Alikuwa na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake, na bahasha hiyo ilikuwa imesafiri kuliko yeye mwenyewe. Siku moja nesi wa zahanati akamwambia, "Binti yangu, kila Jumatano nina watoto sitini na mikono miwili. Njoo unisaidie kupima uzito."

Binti akauliza swali letu lilelile. "Nitapata nini?"

Nesi akafikiri, akasema, "Kwa kweli sijui. Njoo uone."

Je, ninyi mngekwenda kwa jibu kama hilo? Mimi nisingekwenda. Yeye alikwenda, na nadhani alikwenda kwa sababu hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema sijui.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzani ulitundikwa kwenye boriti ya kibaraza. Binti anampokea mtoto kutoka kwa mama yake, anampitisha miguu kwenye kisuruali cha kitambaa, anamning'iniza. Mshale unatikisika, unatulia, anausoma kwa sauti, nesi anatia alama kwenye kadi. Alama ikiangukia penye kijani, mama anarudi kwenye benchi anatabasamu. Ikiangukia penye nyekundu, mama anasimamishwa hapohapo, mbele ya wenzake wote, afundishwe kupika uji. Na kwa ajili ya baridi, watoto walipimwa na sweta zao. Nesi alikuwa akisema, "Sweta ni sweta, ina uzito gani wa kugombania?"

Vijana wa kwenye kibanda cha kinyozi walimcheka kila alipopita.

"Nesi wa bure huyo!"

"Dada, leo umelipwa kilo ngapi za asante?"

"Njoo nikupime wewe," akawajibu, "tuone kama humo ndani kuna kitu."

Sasa, kwenye benchi lile alikuwapo mama mmoja mpole, hukaa mwishoni kabisa, na mtoto wake wa kiume wa miezi minane, kavalishwa sweta ya bluu iliyofumwa kwa mkono. Mwezi wa kwanza, kijani. Mwezi wa pili mshale ukapanda kidogo, kijani. Mwezi wa tatu ukapanda tena. Nesi akasema, "Hongera mama, unajitahidi."

Lakini binti alikuwa na jambo linalomsumbua. Kila mtoto aliyempitisha kwenye kile kisuruali, alimshika paja. Hakuna aliyemfundisha, ndivyo mtoto anavyoshikwa. Mpaka hapo alikuwa ameshika mapaja mamia. Na mtoto huyu wa sweta ya bluu, mwezi wa kwanza paja lake lilijaa mkononi. Leo dole gumba la binti na kidole chake cha kati vilikutana upande wa pili.

Akashangaa. Mzani unasema anaongezeka, vidole vinasema anapungua. Nani mwongo hapa?

Wapendwa, wewe ungefanyaje? Maana angeweza kusema, mimi ni wa kujitolea tu, mzani umesema, nesi ameandika, yangu macho. Mimi nimeyasema maneno hayo mara nyingi, na kwa mambo madogo kuliko uhai wa mtoto.

Binti alichuchumaa kama mtu anayemfunga mtoto vifungo, akapapasa ile sweta. Kwenye pindo la chini kulikuwa na kitu kigumu. Betri za redio, zile nene. Tatu, zimeshonewa vizuri kwa uzi wa bluu.

Akamwuliza yule mama kwa sauti ya chini, "Mama, hiki ni nini?"

"Dada yangu, nakuomba, usiniseme. Mwezi wa kwanza niliweka moja tu. Nikajua mwezi ujao atanenepa, nitaitoa."

"Na hakunenepa."

"Hakunenepa. Nikaongeza. Nifanyeje? Mama mkwe wangu yuleee, kakaa kwenye benchi. Nikisimamishwa pale mbele, ataniimbia mpaka Pasaka."

Binti akambeba mtoto, akamwita nesi chumbani. "Nesi, naomba tuuhamishie mzani huku ndani. Mama mmoja mmoja, mlango ufungwe. Na sweta tuzivue."

Nesi akakasirika. "Wewe umekuja juzi tu hapa, tena wa kujitolea, unifundishe kazi ya miaka kumi na tisa?"

Binti alilishika pindo la sweta. Aliuma uzi kwa meno, akazipanga zile betri tatu mezani, moja baada ya nyingine.

Nesi alizichukua, akazipima mkononi. Kisha akaleta blanketi, akamvua mtoto sweta, wakampima. Sikiliza, ilikuwa nyekundu, tena chini kabisa. Siku hiyohiyo mtoto na mama yake walipelekwa hospitali. Walirudi baada ya wiki tatu, mtoto analia kwa nguvu kuanzia stendi, na mtoto anayelia kwa nguvu ni habari njema. Na Jumatano iliyofuata ile ya betri, mzani ulikuwa chumbani, na mlango ulipofungwa, akina mama wenyewe wakaanza kutoa. Huyu kufuli. Yule jiwe la mtoni. Mmoja akatoa kijiko cha kupakulia, wakacheka wote watatu mpaka mtoto naye akacheka.

Najua mnachosubiri. Mnataka kujua kama binti alipata kazi. Mfano ni wangu, ningeweza kumpa kazi, hata gari ningempa. Sitampa. Nitawaambia alichopata pale zahanati. Alipata vidole vinavyojua. Alipata macho, maana miaka miwili ndani alikuwa hashangai kitu chochote, na sasa anauliza. Na alipoomba barua ya kutia kwenye ile bahasha yake, nesi alimwandikia mstari mmoja: "Huyu alimwona mtoto ambaye mzani wetu haukumwona." Basi.

Na hapo, wapendwa, mfano wangu mwenyewe ukanigeukia.

Maana sisi hapa tuna barua pia. Vijana, mnanijua. Mnakuja nyumbani jioni, "Mwinjilisti, kuna nafasi mahali, wanataka barua kwamba nimejitolea." Nami nawapenda, nawahurumia, nachukua karatasi, naandika: amejitolea kwa bidii muda wa miezi sita. Nagonga muhuri. Miezi sita gani? Wengine hata kufagia hapa hatujawahi kuwaona wakifagia. Mwaka huu nimeandika barua tisa za namna hiyo. Nilidhani nawasaidia. Nilikuwa nawashonea betri. Kuna siku kwenye usaili mtu atawavua sweta, awaulize swali moja tu dogo, na mshale utashuka mbele ya wote. Na uzi utakuwa wangu. Mnisamehe. Na Mungu anisamehe, maana ndiye anayetushika paja kila siku, hadanganywi na tulivyovaa.

Nasi wazazi tusijifiche nyuma ya vijana. Nani aliwafundisha kwamba asiye na kitu asimamishwe mbele ya benchi? Si sisi? Ukimwuliza mtoto wa mwenzio kila Jumapili, "Vipi, bado hujapata kazi?", unatarajia ashone nini kwenye pindo?

Sasa wewe kijana wa pale mlangoni. Nakuona, umekaa karibu na dirisha, usiiname. Nimemwendea nesi wetu hapa jana, nikamwuliza kama anahitaji mikono. Aliniuliza, kwani kuna mikono? Anataka watu wanne kila Jumatano, saa mbili asubuhi. Muhuri nimemkabidhi mzee wa kanisa, hautagongwa tena kwa huruma. Na la mwisho nalikiri kwa aibu: zahanati yetu iko hatua mia mbili kutoka hapa, na miaka yote nimeipita tu. Jumatano nitakuwepo, nimeomba kushika kadi.

Uliniuliza utapata nini. Mwanangu, sijui. Twende tukaone.