Vifundo Vitatu vya Xavérine

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndivyo walivyotuachia wahenga, na maana yake haihitaji mkalimani: sifa ya nje haijathibitisha kitu mpaka ndani pakaguliwe. Ni methali rahisi kuikariri, ngumu kuitii. Xavérine, fundi cherehani wa Nyamirambo, aliwatolea wateja wake methali hiyo kila waliposifu nguo za madukani. Hata hivyo, siku yake ilipofika, aliusifu mlango kama wengine wote.

Xavérine alikuwa na jina mjini Kigali. Kila nguo iliyotoka barazani kwake ilikuwa na lebo nyeupe shingoni, imetariziwa kwa uzi mwekundu: Kwa Xavérine. Wako akina mama waliokunja kola makusudi kanisani ili lebo hiyo isomwe na waliokaa nyuma. Lakini alama yake hasa haikuwa lebo. Ndani ya kila mkono wa nguo, mahali pasipoonwa na mtu, alimalizia uzi kwa vifundo vitatu, kama alivyofundishwa na mama yake. Cherehani yake ilikuwa Helmar nyeusi yenye ua la dhahabu ubavuni, urithi wa baba yake, nayo ilikuwa imeshona miaka thelathini bila kunung'unika.

Mwanzoni mwa mwaka 1992, Helmar ile ilivunjika mhimili. Vipuri havikupatikana, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga njia za kaskazini. Balaa halichagui siku: wiki hiyohiyo Masera Godelieve, mtawa aliyefundisha katekisimu parokiani, alimwagiza magauni arobaini meupe ya wasichana wa Komunio ya Kwanza, yavaliwe Pentekoste.

"Yakitoka vizuri," Masera alimwambia, "sare za shule yetu mwaka ujao zote ni zako."

Kwa mjane mwenye watoto wanne, mkubwa wao Achille, hayo hayakuwa maneno ya kupuuza. Xavérine alirudi nyumbani kwa furaha, akavunja akiba yake yote, akashuka mjini kwa Eustache, muuza mashine. Na kweli, rafuni palikuwa na Helmar mpya inayong'aa, na ua lilelile la dhahabu.

"Unataka kuijaribu kwanza?" Eustache aliuliza.

"Nijaribu nini? Helmar iko Helmar," Xavérine alijibu, akacheka.

Siku ya tatu Helmar ilianza kuruka mishono. Siku ya tano ilikuwa ikikata uzi. Xavérine alimwita Nsabimana, fundi wa mashine, naye akailaza ubavu na kuifungua.

"Mama Achille, njoo uone," alisema huku akitikisa kichwa. "Hii na ile ya mzee wako haziko ndugu. Chuma iko nyepesi sana. Na angalia hapa chini, imeandikwa nchi ingine kabisa."

Xavérine alishika njia hadi dukani kwa Eustache. "Eustache, umeniuzia mashini ya uongo!"

"Yewe, mama, sikukudanganya. Jina iko ileile," Eustache alijitetea, na uso wake haukuwa wa mwongo. "Wenye Helmar wako kwao Ulaya. Lakini kazi ya kutengeneza wamewapa watu wengine, mbali. Wao wanatuma jina tu."

"Wanatuma jina? Jina inashona?"

"Siku hizi iko hivyo."

"Basi nigombane na nani? Wewe, mwenye jina, ama mwenye mikono?"

Eustache alikuna kichwa. "Hata mimi, mama, sijui."

Xavérine alipanda kilima akiwa hajui la kushika wala la kuacha. Kama Helmar si Helmar, Helmar yenyewe ni ipi? Ni lile ua la dhahabu? Ni wale wazungu? Au ni ile mikono iliyochonga chuma cha baba yake, ambayo pengine ilikwisha zikwa zamani? Kila alipodhani amepata jibu, lilimteleza.

Pentekoste haikumngoja apate jibu. Alimfanya Nsabimana airekebishe mashine kwa kubahatisha, akashona magauni ishirini yeye mwenyewe. Ishirini yaliyobaki alimpelekea Kamanzi, mzee kutoka Gahanga aliyeshona chini ya kibaraza cha duka la chumvi, kwa cherehani iliyobambuka rangi hata jina lake halikusomeka. Kamanzi hakuwa na kibao wala lebo.

"Shona, mzee, lakini usimwambie mtu," Xavérine alimsihi.

Magauni yaliporudi, alishonea lebo yake yote arobaini. Kwenye lile la kwanza la Kamanzi sindano ilimchoma kidole. Akakinyonya, akaendelea.

Ijumaa ya kabla ya Pentekoste, wasichana walikusanyika ukumbini kujaribu magauni. Msichana mmoja, Kankindi, aliinua mikono apokee mshumaa, na mshono ukafumuka kutoka kwapani hadi kiunoni. Kabla watu hawajanyamaza, mwingine naye akafumukiwa. Mama yake Kankindi, Mukashema, alilishika gauni lile kama mtu aliyeokota kitu kilichokufa.

"Tumekula maharagwe matupu miezi miwili ili mtoto avae Xavérine," alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Hii ndiyo Xavérine?"

"Mama, jina iko ileile, ila..." Xavérine alianza, kisha ulimi ukagoma. Maneno hayo aliyajua. Aliyasikia dukani kwa Eustache, na sasa yalikuwa yametoka kinywani mwake. Aibu ilimwaka usoni.

"Ila nini?" Masera aliuliza. "Si wewe uliyeshona?"

Kamanzi! Wazo hilo lilimjia kama mlango wa kukimbilia. Xavérine alinyakua gauni lililofumuka na kuupindua mkono wa gauni hilo, tayari kuonyesha kwamba kazi ile si yake. Ndani mlikuwa na vifundo vitatu. Akapindua la pili, akakuta vifundo vitatu.

Masera alikuwa amechukua gauni jingine, akavuta mshono kwa nguvu zake zote, haukutikisika. "Huu ndio mkono wako ninaoujua," alisema.

Xavérine alilipindua na hilo. Halikuwa na kifundo hata kimoja. Lilikuwa na mshono uliokunjwa mara mbili, ulionyooka, wa mzee Kamanzi. Na shingoni lilisomeka: Kwa Xavérine.

Kibovu kilikuwa chake na chema hakikuwa chake, lakini vyote viwili vilikuwa na jina lake. Hapo ukumbini hakuna aliyejua maana ya vifundo isipokuwa yeye. Angelitaja jina la Kamanzi, lawama zingemwangukia mzee, na sare zingebaki zake. Alimtazama Kankindi, aliyekuwa amejikumbatia kuficha ubavu wake.

"Masera," alisema, machozi yakimlengalenga, "yanayofumuka niliyashona mimi. Hayo mazuri ni ya mzee Kamanzi. Mimi nilitia jina tu."

Kuanzia jioni hiyo hadi Jumamosi usiku, Kamanzi alishona upya magauni ishirini, Xavérine akifumua na kumkatia uzi. Jumapili wasichana walipiga magoti na kusimama bila mshono kulia. Baada ya misa Masera aliwaita wote wawili. "Sare nitazipa mikono, sitazipa lebo," alisema, akamkabidhi Kamanzi kazi.

Xavérine alilia njia nzima, asijue kama analilia Helmar, sare, au jina. Lakini Jumatatu asubuhi Kamanzi alibisha hodi, shati la kwanza la sare likiwa mkononi.

"Mama Achille, kazi iko mingi, siwezi peke yangu. Njoo tushone kwa mashini yangu," alisema. "Na mimi sina lebo. Hapa shingoni tuandike nini?"

Xavérine hakuitazama shingo ile. Alilipindua shati nje ndani, akavuta mshono kwa nguvu, akavuta tena, ndipo akamkaribisha mzee kiti.

"Tusiandike kitu," alisema. "Anayetaka kutujua apindue."

Hakika, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.