Pimbi Aliyekimbia Akipumzika

Paukwa.

Pakawa.

Paukwa jiwe, pakawa ufa. Mwenye masikio asogee, mwenye kitambi alegeze mkanda apumue, ngano imefika.

Hapo kale, kwenye kilima cha mawe, aliishi Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo. Hana pembe, hana makucha ya maana, hata mkia hana. Ngome yake ni ufa wa jiwe. Adui akitokea, Pimbi hujichomeka ufani, chwii, akakaa humo mpaka adui achoke.

Chini ya kilima aliishi Chui. Chui huyu alikuwa ameacha kuwinda. Alinenepa mpaka tumbo likawa linafagia majani, na kumfukuza mtu mbio aliona ni kazi ya wenye shida. Yeye alikuwa na njia yake. Kila asubuhi alipanda kilimani na kapu la viazi vitamu alivyochimbua kwenye mashamba ya watu, akalitua mbele ya Pimbi.

"Kula, jirani," alisema. "Dunia yenyewe mapito."

Pimbi akala. Kesho yake akaletewa mahindi, akala. Keshokutwa ndizi mbivu, akala. Akala akalala, akaamka akala. Akamwona Chui ni mwema kuliko ndugu wa damu.

Siku moja tai akapita juu, kivuli chake kikaanguka jiweni, vuu. Pimbi akakimbilia ufani. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likagoma. Akasukuma, likagoma. Akavuta pumzi, likagoma. Nusu yake ilikuwa ndani, nusu iko nje inaota jua. Tai alikwenda zake, hakuwa na njaa. Lakini Pimbi akiwa bado amekwama, alisikia nyayo laini nyuma yake: nyata, nyata, nyata. Kisha kitu kikamminya paja, taratibu, kama mnunuzi anavyominya parachichi sokoni.

"Bado kidogo," sauti ya Chui ilijisemea. "Mwezi ukiandama wageni wangu watakuja. Siku hiyo atakuwa ameiva."

Nyayo zikaondoka. Moyo wa Pimbi ukapiga du, du, du. Hapo ndipo alipoelewa alikokwenda Panya Buku, ambaye naye alikuwa akiletewa mihogo, akanawiri, akasifiwa, kisha asionekane tena. Pimbi alijichomoa ufani ngozi ikachubuka, akaketi juu ya jiwe akalia. Alipomaliza kulia alijifuta uso.

"Nitaingia humu," alisema. "Mwezi utanikuta ndani."

Akateremka hadi kwa shoga yake Kwale. Kwale ni ndege wa chini, ana mabawa lakini anapenda miguu. Kutwa hukimbia, tri-tri-tri, akasimama, tri-tri-tri, akasimama. Zamani Pimbi alikuwa akimcheka kwa mbio hizo. Siku hiyo hakucheka. Alimweleza yote, akamwomba amfundishe.

Kwale akamwambia kwamba siri si kukimbia sana. Unaamsha mwili kwanza kwa kutembea. Halafu unakimbia kwa nguvu zako zote, kitambo kifupi tu, kisha unatembea mpaka pumzi irudi, ndipo unakimbia tena. Ukiona kizunguzungu, unaacha. Ukifanya leo, kesho unauachia mwili upone. Na tumbo, alisema Kwale, halisikii mbio kama mdomo haujapumzika. Akampa na wimbo wa kupimia:

*Tembea, tembea, pumzi irudi,*
*tembea, tembea, moyo utue,*
*haya, miguu: tri-tri-tri-tri!*

Penye tri-tri-tri-tri unakimbia kutoka kwenye kichuguu kilicho karibu na ufa wa Pimbi mpaka kwenye mti wa mgunga. Penye tembea unarudi kichuguuni kwa kutembea.

Asubuhi ya kwanza Pimbi alikuwa na hofu na hasira, na vitu hivyo viwili havijui kusubiri. Aliuruka wimbo. Akakimbia, akageuka, akakimbia, akageuka, bila kutembea hata kidogo. Nyota zikamjia machoni mchana kweupe, na ndizi zote za Chui zikarudi zilikotoka. Kulipokucha tena miguu ilikuwa mikavu kama kuni. Alimwambia Kwale kwamba basi, aliyezaliwa wa kuliwa ataliwa.

Kwale hakumbembeleza. "Unataka kumaliza kitambi cha msimu mzima kwa asubuhi moja," alisema. "Leo tutatembea tu. Inuka."

Pimbi akainuka. Wakatembea. Siku iliyofuata alikimbia mara chache, akauimba wimbo mpaka mwisho. Akapumzika. Akarudi tena, akaongeza kidogo. Kapu la Chui lilipokuja, alikula kiazi kimoja, vingine akavifukia nyuma ya jiwe, kisha akatafuna majani mabichi. Njaa ilimsumbua. Harufu ya mahindi ilimfuata mpaka usingizini. Lakini kila jioni alikwenda kujipima ufani, na kila jioni tumbo liligoma, ila lilianza kugoma kwa unyonge.

Asubuhi moja Chui akawahi kuja, akamkuta kichuguuni anahema, hee, hee, hee. Uso wa Chui ukakunjamana. Aliuliza ni nani aliyemruhusu kumwaga mafuta hovyo namna hiyo.

Pimbi alikuwa bado anahema. Hata hivyo ulimi wake ulikuwa haujachoka. Alitimua manyoya yote yakasimama, akaonekana mnene kuliko jana.

"Bwana Chui," alisema, "samli ikikaa mtungini, wali unaionja? Mafuta yangu yalikuwa yamelala tumboni. Nikikimbia yanaamka, nikitembea yanajipenyeza kwenye nyama. Nilisikia una wageni. Nimeona haya wageni wako wale nyama chapwa."

Chui akafikiri. Mate yakamdondoka, to, to, to. Akasema akimbie, tena akimbie vizuri. Tangu siku hiyo alikaa kivulini akimtazama kwa mapenzi, naye Pimbi akakimbia mbele ya macho yake, akatembea, akakimbia, manyoya yamesimama, moyo umekaza.

Mwezi ukaandama.

Asubuhi yake Chui alipanda bila kapu. Aliwaalika Fisi na nduguze, alisema, na wako njiani. Pimbi akatazama ufa. Jioni iliyopita tumbo lilikuwa limebana kidogo, kisha likaingia. Lakini Chui alikuwa amesimama katikati yake na ufa.

"Niko tayari," Pimbi alisema. "Limebaki jambo moja. Anayekula nyama hii lazima aikimbize mwenyewe, kwa wimbo wake. Tukikimbia tukimbie, tukitembea tutembee. Mlaji akikosea wimbo, nyongo hupasuka, nyama yote inakuwa chungu."

Chui hakutaka kuwalisha wageni nyongo. Akakubali.

Wakaimba. *Haya, miguu: tri-tri-tri-tri!* Pimbi akachomoka, Chui nyuma yake, pu, pu, pu. Wakafika mgungani. *Tembea, tembea.* Wakatembea kama maharusi. Mara ya pili Chui alifika ulimi uko nje. Mara ya tatu alifika akiyumba. Pimbi naye alichoka, lakini alikuwa anakujua kuchoka kwake, anajua kunakoanzia na kunakoishia. Pumzi yake ilirudi kabla wimbo haujaisha. Pumzi ya Chui haikurudi. Katikati ya *moyo utue* Chui alitambua kwamba anazidiwa, akaachana na wimbo, akaruka.

Pimbi alisikia upepo wa makucha mgongoni. Hakugeuka. Alitia mbio zote alizojifunza, akapita chini ya tumbo la Chui lililokuwa bado angani, akaufikia ufa. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likaingia, chwii, bila hata kugusa jiwe.

Chui alianguka pale nje, puu. Miguu ilimkatalia. Alilala chali anahema, tumbo linapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi.

Ndipo wageni walipofika. Fisi alitafuta karamu kulia, akatafuta kushoto. Alimwuliza mwenyeji nyama iko wapi, mwenyeji akazidi kuhema tu. Fisi akamtazama. Akatazama shingo ile iliyojaa, na mapaja yale. Nduguze nao wakatazama. Mmoja akasogea, akamminya kidogo.

Chui aliinuka. Alivuka kichuguu, akapita mgunga, akashuka bondeni, akapanda ng'ambo, Fisi na nduguze wakicheka nyuma yake, na safari hiyo hakukuwa na pa kutembea. Hakurudi tena kilimani. Wanaotoka huko ng'ambo wanasema amepungua sana.

Kulipokucha Kwale alimkuta Pimbi yuko kichuguuni, anatembea taratibu kuamsha mwili. Alimwuliza anamkimbia nani tena.

"Simkimbii mtu," alisema Pimbi. "Anza wimbo."

Hapo ndipo ngano yangu ilipokata pumzi. Ikiwa tamu, tugawane sote. Ikiwa chapwa, niachieni nikaitie chumvi nyumbani.

Na funzo lake, msije mkasema sikuwapa: mazoezi ni hasara. Tazameni, Pimbi alikuwa na viazi vya bure kila asubuhi, na kwa ajili ya mbio zake amevikosa maisha yake yote. Basi kaeni kitako, jamaa zangu. Jirani asiyewahi kukuletea hata chumvi akianza kukuletea kapu zima kila siku, usimwulize sababu. Kula, ushukuru. Akikuminya paja, ni mapenzi tu.