Kwa Nini Klasi Hurithi Mzazi Mmoja

Nyinyi mnaoandika programu mnanung'unika kila siku: kwa nini klasi, lile fungu la maagizo mnaloiandikia kompyuta, irithi kazi za klasi moja tu, na hizo nyingine ziiachie ahadi tupu? Mnadhani ni ukaidi wa kompyuta. Sikilizeni, na wewe Shija, funika hiyo mashine yako.

Hapo kale, kabla hazijawa maandishi, klasi zilikuwa watu. Hakuna aliyefundishwa kazi. Mtoto alizaliwa na ujuzi wa baba na wa mama, wote, umo mikononi tayari. Mihayo mhunzi na Nyamizi mfinyanzi wakamzaa Kabula, na kijiji kizima kikawaonea wivu.

Siku moja Mtemi alikuja kutazama vyungu alivyoagiza vikichomwa. Nyamizi alipomaliza kuvipanga tanurini, akamwambia binti yake, "Mwanangu, washa moto."

Agizo lilikuwa moja, lakini Kabula alikuwa amerithi namna mbili za kulitimiza. Mkono wa kulia ukaichukua mivukuto ya baba yake ukapuliza moto kwa nguvu, kama alivyofanya yeye kwenye chuma. Wa kushoto ukaingia ndani kupunguza kuni, kwa sababu mama yake alianza na moto mdogo. Mtoto akalia, "Mama, nifuate upi?" Kabla hajajibiwa, mkono wa kushoto ulikuwa umeshaungua.

Mtemi akatoa amri papo hapo: kuanzia na Kabula, mtoto atakuwa na ujuzi wa mzazi mmoja tu. Akamchagua baba, bila hata kuuliza.

"Na mimi, Mtemi?" Nyamizi akasema. "Mimi niliyembeba?"

"Wewe utamwachia kiapo. Ataapa kwamba atafinyanga na kuchoma. Namna ya kufanya ataitafuta mwenyewe, nawe usimwelekeze."

"Basi umeniachia jina la kazi, kazi yenyewe umeninyang'anya."

Kabula aliapa, akatimiza. Udongo aliuponda kama anayefua jembe, chungu kikatoka kinene na kizito. Kilishika maji, na Mtemi hakutaka zaidi ya hapo. Nyamizi alinywea humo hadi alipokufa. Vile vyungu vyake vyepesi hakuna aliyevitengeneza tena, na mimi jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Na tangu siku hiyo klasi hurithi mzazi mmoja, ikala viapo vingi ipendavyo. Ikivitimiza, mnapiga makofi kwamba hakuna kosa. Ni kweli, hakuna mtoto anayeungua. Lakini Nyamizi alizikwa pamoja na ujuzi wa mikono yake, na binti yake alikuwa amesimama pale pale kaburini.