Mji Aliopewa Bi Kakakuona

Paukwa.

Pakawa.

Paukwa bonde.

Pakawa chemchemi.

Paukwa wenye akili.

Pakawa wasiojua wanazo ngapi.

Basi sogeeni, mlio nyuma mje mbele, na mwenye usingizi amwegemee mwenzake, maana nitakalowasimulia lataka masikio.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na kusikilizana, kulikuwa na bonde lililoitwa Mkuyuni. Katikati ya bonde palikuwa na chemchemi, na juu ya chemchemi palisimama mkuyu. Kando ya mkuyu ule waliishi mashoga wawili, Bi Nungunungu na Bi Kakakuona. Mashimo yao yalikuwa mlango kwa mlango. Waliyachimba msimu mmoja, huyu akirusha udongo huku, yule akirusha kule, wakichafuana na kuchekana.

Siku hizo, jua likipoa, wanyama wote walikusanyika chemchemini wakategana vitendawili. Mmoja alisema, "Kitendawili." Mwenzake akaitikia, "Tega." Akatega. Jibu likipatikana, vyema. Lisipopatikana, yule aliyeitikia alisema, "Sijui. Chukua mji," akautaja mji wowote uliomjia moyoni. Mtegaji aliupokea, akauendea kwa maneno huku amekaa pale pale, akasimulia alivyopokewa huko, alivyolishwa na aliowakuta. Akisharudi kutoka safari yake ya mdomo, ndipo alipolitoa jibu.

Na desturi ilikuwa hivi: mji ukishatolewa mbele ya wote ni wa mtegaji, hauna mwenyewe mwingine, mpaka kitendawili kiteguliwe. Jioni moja Fisi alikosa mji wa kutaja, akaitoa chemchemi. Digidigi akaipokea, akaenda zake kulala na jibu lake tumboni. Asubuhi wanyama wote, hata Nyati mwenye pembe zake, walipiga hodi kwa Digidigi kabla ya kunywa maji. Waliicheka siku ile mwaka mzima.

Bi Nungunungu hakuvipenda sana vitendawili. Aliipenda miji. Na katika bonde zima hapakuwa na aliyeisimulia miji kama Bi Kakakuona. Kujibu, Bi Kakakuona hakuwa hodari. Akiulizwa alijiviringa kama tufe, akakaa ndani ya magamba yake akifikiri, na mara nyingi jibu lake lilitoka kesho yake, wenziwe wakiwa wamekwisha kusahau swali. Lakini akipewa mji alikunjuka, macho yakang'aa, na wasikilizaji wakauona mji wenyewe, na njia zake, na moshi wa majiko yake. Kisha wote walitawanyika wakiimba:

Nipe mji nitembee,
Mwenyeji anipokee,
Niketi nimzoee,
Kisha nirudi nyumbani.

Ah, siku zile.

Siku moja Mwinyi Kima alirudi kutoka safari ya mjini kwa wanadamu. Huko alikaa juu ya paa la shule, akaona watoto wakiulizwa maswali na kupangwa, wa kwanza mpaka wa mwisho. Alirudi amebadilika. Alipanda mkuyuni, akawaambia wanyama kwamba wamekuwa wakiishi gizani, hakuna ajuaye akili yake ni kiasi gani. Yeye angewapima. Angeuliza maswali, na kila jibu sahihi lingelipwa punje moja nyekundu ya mtipitipi, zitungwe uzini na kuvaliwa shingoni.

"Na muda wa kujibu," akasema Mwinyi Kima, "ni huu." Akachuma jani la mkuyu, akaliachia. Jani likayumba, likatua chini. "Jani likishafika, jibu limechelewa. Akili inayokuja kesho si akili."

Wakapimwa. Mwinyi Kima aliuliza kuhusu matunda ya vileleni, upepo wa juu, na viota vya ndege. Ndege walijaza shingo. Bi Nungunungu alikuwa na mazoea ya kuokota matunda yaliyoanguka, basi aliyajua majina yake, akapata punje saba. Bi Kakakuona aliulizwa, akajiviringa. Majani yalianguka, mengine yakamtua mgongoni, naye bado anafikiri. Alipata punje moja tu, tena ya swali la kwanza, alipoulizwa jina lake.

Tangu hapo bonde halikuwa lile. Wanyama walikutana njiani wakaacha kuulizana wameshindaje. Waliulizana, "Unazo ngapi?" Mwenye sita hakutembea na mwenye nne. Fisi alitunga mavi ya mbuzi katikati ya punje zake, akatembea ameinua kidevu mpaka mvua ikamnyeshea.

Wengine walianza kuuliza maswali. Kobe alitaka kujua kama punje zinapima kichwa au zinapima shingo. Kenge alipimwa mara mbili siku moja.

"Asubuhi nilipata mbili, jioni nikapata tano," akasema Kenge. "Niambie, Mwinyi. Mchana kutwa akili yangu nyingine ilikuwa imekwenda wapi?"

"Ulikuwa na njaa asubuhi," akajibu Mwinyi Kima.

"Basi umepima tumbo."

Baadhi wakacheka, lakini wenye punje nyingi hawakucheka. Walisema kwamba anayepinga mizani ni yule aliyeonekana mwepesi. Mabishano yakawa hayana mwisho.

Na vitendawili vikafa. Jioni ya kwanza mtu alisema, "Kitendawili," pakawa kimya. Kuitikia "Tega" kulikuwa na hatari, maana huenda ukasema "Sijui," na ukisema "Sijui" utatazamwa shingoni. Jioni ya pili walikuja wachache. Jioni ya tatu alikuja Bi Nungunungu na shoga yake tu. Walikaa wakiyatazama maji. Punje saba zilimwasha Bi Nungunungu shingoni, akatamani kuzivua, lakini hakuzivua. Niseme kweli: alikuwa amezipenda kidogo.

Kisha ukaja ukame. Chemchemi ikapungua. Mwinyi Kima, ambaye punje zilikwisha kumfanya mkubwa wa bonde, akatoa amri kwamba maji yanywewe kwa hesabu ya punje, mwenye nyingi kwanza. Bi Kakakuona akanywa wa mwisho.

Bi Nungunungu akaenda chini ya mkuyu kumwombea. Mwinyi Kima alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba sheria haina shoga. Bi Nungunungu akarudi.

Chemchemi ikapungua zaidi. Bi Kakakuona akafika akakuta tope, akalilamba. Bi Nungunungu akaenda tena, akaomba agawane punje zake na mwenzake. Mwinyi Kima akamjibu kwamba akili haigawanywi kama muhogo. Bi Nungunungu akarudi.

Chemchemi ikabaki kama kiganja. Mwinyi Kima akatangaza kwamba wasiofikisha punje tatu wahame bonde jua litakapotua. Waliokuwa pungufu walijipimisha upya, wakahangaika, wakazipata. Akabaki mmoja.

Bi Nungunungu alimkuta shoga yake mlangoni pa shimo, anaupapasa udongo uliorundikana nje tangu siku ile walipochimba pamoja. Bi Kakakuona hakulia. Alisema kwamba atakwenda, ila hajui aelekee wapi, maana miji yote aliyowahi kuifika aliifika kwa maneno.

Maneno yale yakamkaa Bi Nungunungu moyoni. Akasimama.

"Shoga, kabla hujaondoka, njoo ututegee kimoja. Kimoja tu, cha kuagana."

"Nani ataitikia?"

"Wewe njoo utege."

Akaenda mara ya tatu kwa Mwinyi Kima. Hakuomba abakizwe mtu. Aliomba kitendawili kimoja cha kuagia, kwa desturi ya zamani, wote wakiwapo. Mwinyi Kima aliona si kitu, tena kila mtu alikuwa akimtazama. Akakubali.

Jua lilipopoa, wanyama wakakusanyika. Bi Kakakuona akasimama kando ya maji yale haba. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kitendawili."

Hapana aliyeitika. Waliangalia chini, wengine wakazishika punje zao. Bi Nungunungu akasikia miiba yake ikimsimama.

"Tega," akasema.

"Naijenga nyumba yangu kwa kutupa."

Bi Nungunungu aligeuka kidogo, akaliona shimo lake, na rundo la udongo mlangoni alilolirusha kwa miguu yake mwenyewe. Jibu lilikuwa pale, limekaa mbele ya macho yake. Angelitoa kabla jani halijafika chini, na punje ya nane ingekuwa yake.

Akaushika uzi shingoni, akaukata. Punje saba zikamwagika majanini.

"Sijui," akasema Bi Nungunungu, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Umenishinda, shoga yangu. Chukua mji. Chukua bonde hili la Mkuyuni."

Mnong'ono ukapita. Kobe ndiye aliyeelewa kwanza, akatoa kichwa chote nje. Kisha Digidigi akakumbuka, akaanza kucheka, na kicheko kikaenda kikipokewa. Mji ukishatolewa ni wa mtegaji mpaka kitendawili kiteguliwe. Nani atamfukuza mwenye mji katika mji wake?

Mwinyi Kima akateremka tawi moja. Akasema hicho si kigumu, atakitegua yeye. Mtu akachuma jani, akaliachia.

"Ni kiota," akasema Mwinyi Kima.

Ndege wakamwambia kwamba kiota hujengwa kwa kuokota.

"Ni wingu." Wingu halina nyumba, wakamwambia.

"Ni, ni ganda la yai." Jani likatua.

Mwinyi Kima akalitazama lile jani muda mrefu. Kusema "Sijui" hakuweza. Akajikuna kisogo, akasema, kwa sauti ya chini ambayo hawakuizoea, "Nitajibu kesho."

Kenge akamwuliza kama akili inayokuja kesho ni akili, na safari hii hata wenye punje nyingi walicheka.

Ndipo Bi Kakakuona akakunjuka. Macho yakang'aa kama zamani.

"Mji wa Mkuyuni nimeufika," akaanza. "Nimefika na kiu. Wenyeji wamenipisha majini, aliyechoka zaidi akanywa mbele. Nimeketi nao jioni. Aliyejua amesema, asiyejua amesema hajui, na hapana aliyeona haya. Wamenilisha, wameniimbia. Wala hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninazo ngapi."

Alisema hayo, na wanyama waliuona mji ule. Waliujua. Walikuwa wameishi ndani yake miaka mingi bila kuuhesabu kuwa kitu. Fisi alilia waziwazi. Bi Nungunungu hakulia. Alikuwa akisikiliza tu, asikose hata neno.

"Na jibu, Bi Kakakuona?" wakauliza.

"Jibu," akasema, akianza kujiviringa taratibu, "nitalitoa kesho. Mnanijua mimi ni mzito."

Kesho yake hakulitoa, wala kesho kutwa. Mji ukabaki wake, na maji yakanywewa kama alivyoyasimulia, kidogo kidogo, yakawatosha mpaka mvua ilipoanguka. Kila jioni Mwinyi Kima alishuka na jibu jipya, akakosea, akapanda. Na kwa kuwa wamekwisha kukusanyika, wengine nao wakaanza kutega vyao. Uzi mmoja baada ya mwingine ukakatika, na pale punje zilipodondoka ikaota mitipitipi.

Miaka ikapita. Bi Nungunungu hakulisema jibu. Wakati mwingine alimtazama Kobe, alimtazama Kenge, ambaye naye hukaa shimoni, akashuku kwamba wanajua nao. Hakuuliza.

Jioni moja, Mwinyi Kima akiwa mzee, meno yamekwisha, alishuka mkuyuni kwa shida akaketi karibu na Bi Nungunungu. Akalitazama shimo la mwenzake. Akalitazama rundo la udongo. Akatabasamu.

"Nimelijua zamani, Bi," akamnong'oneza. "Tangu mvua ile ya kwanza."

"Kwa nini basi hulisemi, Mwinyi?"

Kabla hajajibu, wenzao waliwageukia, wakamwuliza Mwinyi Kima kama leo amelipata. Naye akainua mikono yake miwili mitupu.

"Sijui," akasema.

Wakatawanyika wakiimba:

Nipe mji nitembee,
Mwenyeji anipokee,
Niketi nimzoee,
Kisha nirudi nyumbani.

Funzo lake, wasikilizaji wangu, ni hili. Anayepima akili za wenzake huwauliza yale anayoyajua yeye, kisha hushangaa kuona kwamba wanaofanana naye ndio werevu. Akili ya mtu haikai shingoni ikahesabiwa. Huonekana katika jinsi anavyoishi na jirani yake, na katika ujasiri wa kusema "sijui" mbele ya watu, ili wengine nao wapate pa kukaa.

Nanyi mkiwa mmelijua jibu la Bi Kakakuona, tafadhali lifungieni vinywani. Bonde lile bado ni lake.

Ngano yangu nimeitupa nje ya mlango. Aliyeiokota na aende nayo, nami nyumba nimeshaipata.